Kikosi cha Tisa Hakijawahi Kuwepo

Msiniulize Jamhuri ya Shwari iko upande gani wa ramani. Mimi nimesimuliwa tu, na aliyenisimulia naye alisimuliwa. Nijualo ni kwamba ilikuwa nchi ya amani kupindukia. Haikuwahi kupigana na jirani yeyote, na jeshi lake, kwa kukosa adui, lilijizoesha kushinda bila kupigana. Maofisa walivaa nishani mpaka mbavuni; wakipita barabarani ungedhani kuna mtu anaosha masufuria.

Katika jeshi hilo kila kikosi kilikuwa na mlio wake wa tarumbeta. Wa Kikosi cha Tisa ulikuwa sauti tatu fupi za kupanda na moja ndefu ya kushuka. Ukilia, kila askari wa Tisa, awe anakula, anaoga au yuko chooni, alitakiwa kusimama wima, kupiga mguu wa kushoto chini na kuitika: "Tisa tupo!" Aliyechelewa alikula ugali wake kwa mguu mmoja wiki nzima. Kwa malezi hayo mlio uliwaingia mifupani. Siku ya kustaafu askari alirudisha buti, sare na kofia, lakini mlio hakuna aliyeweza kuurudisha stoo.

Mpiga tarumbeta wa Tisa alikuwa mmoja tu, Koplo Matimbwa, mtu mwembamba wa mashavu makubwa. Alipostaafu aliondoka na tarumbeta yake kwa sababu stoo hawakujua waiweke rafu gani, akawa anapiga kwenye maharusi. Alipendwa sana. Ila siku moja, katikati ya wimbo wa kumtoa bibi harusi, vidole vyake vilipotea njia vikaugusa ule mlio wa zamani. Sajini mstaafu Chitanda, aliyekuwa ndiyo kwanza amepewa sahani ya pilau, aliruka wima na kuitika. Pilau ilimwangukia shangazi wa bibi harusi. Ndoa ile ilidumu, lakini shangazi hajasamehe mpaka leo. Tangu hapo Matimbwa hakuupiga tena.

*

Wastaafu wa Shwari walikuwa na chama chao, Umoja wa Waliovua Buti, kilichokutana kwenye benchi la muuza kahawa nyuma ya soko. Mwenyekiti alikuwa huyo huyo Sajini Chitanda. Wanachama walikuwa wazee wenye magoti mabovu, na kila mmoja alikuwa na jambo lililomkaa kooni toka enzi za utumishi. Tatizo lilikuwa Sheria ya Staha. Sheria hiyo ilisema kuwa mtu yeyote atakayelitaja jeshi vibaya, baada ya kutambuliwa kwa jina lake, atafungwa miaka saba.

Chitanda aliisoma sheria ile mpaka kahawa ikapoa.

"Jamani," akasema, "hapa wamesahau mtu mmoja. Asiye na jina."

Basi wakatundika khanga mbili kwenye kamba, zote zimeandikwa *Lisemwalo lipo*. Nyuma yake wakaweka kigoda na mtungi mtupu. Mwenye jambo lake aliingia nyuma ya khanga, akatia mdomo kwenye mtungi, akasema. Sauti ilitoka kama ya jini mwenye mafua, hata mke wa mtu asingemtambua. Mbele walisimamisha kipaza sauti walichoazima kwa yule bwana anayetangaza misiba na mbuzi waliopotea. Kila Jumamosi watu walijaa kusikiliza mtungi.

Mwanzoni ilikuwa burudani. Mtungi ulieleza habari za jenerali aliyetuma kifaru kikamchukue mama mkwe wake kijijini. Ukaeleza habari za kanali aliyewavunisha askari mpunga wake, akayaita mazoezi ya kupambana na adui aliyejificha majini. Watu walicheka. Hata serikali ilicheka kidogo, kwa idhini.

Ndipo ikaja zamu ya Koplo Matimbwa, na siku ile hakuna aliyecheka.

Mtungi ulisema hivi. Miaka kumi na minane iliyopita Kikosi cha Tisa kilipiga kambi ya mazoezi kijiji cha Magugwe, kiangazi, majani yamekauka mpaka yanalia. Luteni wao akapata habari kuwa amepandishwa cheo, sasa ni Kapteni. Akaamuru tarumbeta ipigwe, kikosi kisimame, na fataki za jeshi zirushwe kumpongeza. Zilikuwa fataki za kuonyesha njia gizani. Yeye akazitaka mchana kweupe. Zikapaa, zikapendeza, zikashukia mapaa ya makuti. Magugwe iliisha kabla pilau ya kapteni haijaiva. Hakufa mtu, lakini hakikubaki kitu, si nyumba, si ghala, si mbegu ya msimu. Kapteni akatazama huku na huku, akamwona mrina asali mmoja juu ya mti na kienge chake cha moshi. Akasema, "Mkiulizwa, ni yule." Kisha ikaja amri kutoka juu kwamba jambo hilo lisizungumzwe. Huko juu ni wapi na nani anakaa huko, hakuna askari aliyewahi kuonyeshwa.

Mrina asali yule aliitwa Lugome. Watu wa Magugwe hawapigi mkosaji. Humnyima salamu tu. Kwa miaka kumi na minane Mzee Lugome alipita kijijini watu wakamtazama kama wanavyotazama kisiki. Akibisha hodi, nyumba nzima ilinyamaza mpaka kuku. Mkewe alikufa akazikwa na watu wanne. Na binti yake, Nuru, alikuwa amepata mchumba mara mbili, na mara mbili mchumba aliulizwa na wazee wake kama kweli anataka kuoa moto.

Na yule Kapteni? Alikuwa amepanda vizuri. Sasa aliitwa Mheshimiwa Tarimbo, Waziri wa Utulivu.

*

Serikali ilijibu kwa hekima. Msemaji wa Wizara ya Utulivu alitangaza kwamba Kikosi cha Tisa hakijawahi kuwepo. Jeshi la Shwari, alisema, huhesabu vikosi vyake saba, nane, kumi, kwa sababu za kiusalama. Waraka ukapelekwa kwenye shule za msingi kuwaomba walimu, kwa muda, wasiitilie mkazo tisa.

Gazeti la *Utulivu Leo* liliandika ukurasa wa kwanza: "Shahidi asiye na jina ni mwongo, asema ofisa mwandamizi ambaye hakutaka jina lake litajwe." Ukurasa wa pili mchambuzi aliuliza kwa uchungu: kama hawa wazee ni wakweli, kwa nini wanajificha? Naye alijiita Mzalendo Halisi, na picha yake ilikuwa kivuli cha mtu.

Kisha ikaja amri kutoka juu kwamba mitungi yote nchini isajiliwe. Akina mama wakaanza kwenda kisimani na mitungi iliyopakwa namba kama magari. Kwenye kizuizi kimoja askari alimsimamisha bibi mmoja.

"Bibi, mtungi huu umewahi kusema chochote?"

"Haujawahi, mwanangu. Unatoka jasho tu."

Askari akaandika: *mtungi una wasiwasi.*

Nchi iligawanyika. Wengine walisema wazee wale wanalivua jeshi nguo sokoni. Wengine walisema jeshi lilijivua lenyewe, wazee wameokota tu. Ilipofika hapo Mheshimiwa Tarimbo, ambaye alipenda mambo yaishe vizuri, aliunda Tume ya Kuchunguza Maneno Yasiyo na Wenyewe, chini ya Jaji mstaafu Ludovika, mama mtu mzima aliyesifika kwa kusinzia bila kupoteza heshima. Na ili Tume isipate taabu ya kufikiri, Waziri aliagiza kabisa jiwe la kumbukumbu lichongwe. Lingesimamishwa katikati ya Magugwe, na lilikuwa limeandikwa: HAPA PALITEKETEZWA NA UZEMBE WA LUGOME, MRINA ASALI.

Habari za jiwe ndizo zilizomtoa Matimbwa usingizini. Maneno ya watu hufa na watu, aliwaza, lakini jiwe litasomwa na wajukuu wa Nuru, kama atawahi kuwapata.

"Nitakwenda kwenye Tume," alimwambia mkewe asubuhi, akiwa ameshika kikombe cha uji asichokinywa.

Mama Hidaya aliendelea kuchambua mchicha. "Nenda, Baba Hidaya. Lakini nenda na khanga na mtungi. Jina lako liache hapa nyumbani, nitalitunza."

"Na wasipouamini mtungi?"

"Hapo mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Hidaya anamaliza shule mwakani, na miaka saba ni mingi."

Alisema bila ukali, na kwa hiyo ilimuuma zaidi. Akatia tarumbeta yake kwenye kikapu, maana alasiri alikuwa na harusi ya kupiga ng'ambo ya mji, akaifunika kwa mchicha uliochambuliwa, akaondoka.

*

Mlangoni mwa ukumbi wa Tume askari walikuwa wamepewa maagizo mahususi kuhusu mitungi. Walikagua mtungi wa Umoja nje na ndani, wakaugonga, wakauliza namba yake. Kikapu cha mboga hawakukiuliza kitu, kwani hakikuwemo kwenye maagizo. Ndani wazee walitundika khanga zao, wakazizunguka wote, mpaka isijulikane ni yupi aliyebaki nyuma yake.

Ukumbi ulijaa. Mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, alikaa Mheshimiwa Tarimbo, glasi yake ya maji mezani. Wanakijiji wa Magugwe waliletwa kwa basi la serikali, wakapewa soda na maandazi, ili waseme wanachokijua. Mzee Lugome naye aliletwa, kwa basi jingine. Alikaa kwenye benchi lake peke yake. Watu walijibana sita sita kwenye mabenchi mengine kuliko kugusana naye. Matimbwa alimwona kupitia tundu la khanga. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake, mikono juu ya magoti, anatazama chini kama mtu aliyekwishaacha kutegemea kuitwa.

Matimbwa alitia mdomo mtungini akasema yote upya: cheo, tarumbeta, fataki, makuti, "ni yule." Alipomaliza, Jaji Ludovika alifumbua jicho moja akamtazama Waziri.

Mheshimiwa Tarimbo alisimama. Alikuwa na sauti nzuri, lazima tumpe haki yake.

"Ndugu zangu wana-Shwari! Mimi ni mtoto wa mkulima. Moshi naujua. Tarehe inayotajwa na chombo hiki cha udongo, mimi nilikuwa ng'ambo, nikisoma Uongozi wa Kisasa, ngazi ya kwanza na ya pili. Magugwe naisikia kwenye taarifa ya habari, kama nyinyi. Na hicho kinachoitwa Kikosi cha Tisa hakijawahi kuwepo! Sasa nauliza, kwa unyenyekevu: huyu aliye nyuma ya khanga ni askari gani? Yeyote anaweza kuingia pale. Muuza maandazi anaweza! Kama ni askari wa kweli, wa kikosi hicho kisichokuwepo, na athibitishe. Akishindwa, Mheshimiwa Jaji, naomba tufunge kikao, jiwe liko kwenye lori nje, na dereva anadai posho."

Wakapiga makofi, kwanza wale waliolipwa, kisha waliowafuata.

"Shahidi," alisema Jaji Ludovika, "unaweza kuthibitisha bila kutaja jina?"

Nyuma ya khanga Matimbwa alikuwa na uthibitisho, mmoja tu. Lakini kuupiga ule mlio ni sawa na kupanda mezani na kupiga kelele jina lake, kwa maana wazee wote wa jeshi walijua Tisa ilikuwa na tarumbeta moja na mashavu mamoja. Alimwaza Mama Hidaya na jina alilokuwa akilitunza. Alichungulia tena tunduni. Mzee Lugome alikuwa ameinua kichwa. Hakuwa akimtazama Waziri wala Jaji. Alitazama khanga kama mtu aliyebisha hodi na bado anasubiri mlangoni.

Matimbwa akafukua mchicha.

Sauti tatu fupi zilipanda, moja ndefu ikashuka.

Kabla haijaisha, Sajini Chitanda alikuwa wima kwenye safu ya nyuma, na wazee wenzake watatu, magoti yakilia. Mlinzi wa mlangoni, mtu mzima wa nywele nyeupe ambaye hakuna aliyemdhania, alikuwa wima. Na mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, Mheshimiwa Tarimbo aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akapiga mguu wa kushoto chini mpaka glasi ikaanguka mezani, na kwa ile sauti yake nzuri, kuwashinda wote, akaitika:

"Tisa tupo!"

Maji yalidondoka kutoka mezani, tone, tone. Mheshimiwa alibaki wima, mkono umenyooka ubavuni, uso wake ukianza polepole kusikia kilichosemwa na mdomo wake.

"Nimesimama," alisema hatimaye, "kwa kuheshimu sanaa."

Katika kundi la Magugwe aliinuka mwanamke mnene wa makamo, Bi Chausiku, jirani wa Lugome wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa wa kwanza kumnyima salamu na wa kwanza kufundisha wengine. Alikuwa bado ana andazi mkononi.

"Mheshimiwa, samahani," alisema. "Hiyo 'Tisa tupo' ni ubeti wa wimbo gani? Maana mimi siku ile ya moto nilikuwa kisimani, na niliisikia. Tarumbeta, halafu sauti za wanaume, halafu moto. Tukaambiwa tumeota."

Bi Chausiku hakusubiri jibu. Alitoka kwenye benchi la watu sita, akavuka njia, akasimama mbele ya Mzee Lugome. Andazi lilimponyoka mkononi.

"Shemeji," alisema. "Sogea nikae. Shikamoo."

Midomo ya Mzee Lugome ilihangaika, kama mtu anayetafuta ufunguo wa mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Marahaba," akasema. Na akasogea.

*

Tume ilitoa ripoti yake mwezi uliofuata. Iligundua kuwa Mheshimiwa Waziri alisumbuliwa siku ile na mshtuko wa misuli ya mguu, uliopanda mpaka kooni. Iligundua pia kwamba shahidi hajulikani, na huenda asijulikane kamwe. Mheshimiwa alihamishiwa Wizara ya Uvuvi wa Maji ya Ndani, kwa afya yake.

Kwa kuwa jiwe lilikwisha kulipiwa, haikuwezekana kulitupa. Walilisimamisha Magugwe baada ya kukwangua maneno ya mwisho, na mpaka leo linasomeka: HAPA PALITEKETEZWA NA UZEMBE WA, na hapo panabaki pengo. Watoto wa kijiji hujaza kwa mkaa. Kila Jumatatu mtu wa serikali huja kufuta. Akiulizwa nani amemtuma, husema ni amri kutoka juu.

Kwa Matimbwa alikuja ofisa mmoja wa usalama, kijana mwenye adabu. Alikunywa chai, akasifu mihogo ya Mama Hidaya, kisha akashusha sauti.

"Mzee, tunajua ni wewe. Wote tunajua. Lakini nikuandike nani? Nikisema 'mpiga tarumbeta wa Kikosi cha Tisa,' wakubwa wataniuliza kikosi gani. Nikisema kikosi kipo, napoteza kazi. Kwa hiyo nakuuliza rasmi: unamfahamu shahidi yule?"

"Simfahamu," alisema Matimbwa.

"Ahsante kwa ushirikiano," alisema ofisa, akaomba mhogo mwingine.

Basi hivyo ndivyo Koplo Matimbwa alivyokuwa mtu pekee asiye na jina katika Shwari ambaye wauza samaki walimwita kwa jina lake. Alipaswa kufurahi. Lakini bado kulikuwa na mmoja ambaye hakuwa amezungumza naye, na kila hodi ilipopigwa alishtuka.

Hodi yenyewe ilipigwa siku ya mvua. Mzee Lugome aliingia na kibuyu cha asali, akakiweka chini, akakaa.

"Siku ile nilikuwa juu ya mti," alisema. "Niliisikia tarumbeta yako. Nikasema, hawa watu wana muziki mzuri."

Matimbwa alikitazama kile kibuyu.

"Miaka yote nilijua si mimi," mzee aliendelea. "Ila nilikuwa najua peke yangu."

"Tulikuwa wawili, mzee wangu. Mimi nilijua."

"Wewe ulikuwa na kikosi kizima cha kujua nacho."

Lilisemwa taratibu, na Matimbwa akainamisha kichwa, kwa kuwa lilikuwa kweli na halikuwa na mtungi wa kulizibia. Alilia. Mzee Lugome alimwacha alie, akatazama mvua. Kisha akasimama.

"Nuru anaolewa mwezi ujao. Safari hii wazee wa kijana wamekuja kwangu wenyewe, wakabisha hodi. Utakuja upige. Ila mlangoni utaulizwa kama wageni wote, nawe utajibu kama wageni wote."

Siku ya harusi Magugwe ilijaa. Mlangoni alikaa Bi Chausiku mwenyewe, khanga mpya, akipokea wageni, na kati ya wageni waliokwisha kuketi alikuwepo yule ofisa wa usalama, ambaye alisema alikuwa anapita tu. Matimbwa alifika na tarumbeta yake, safari hii mkononi, bila mchicha. Alisimama kizingitini.

"Hodi."

"Nani?" aliuliza Bi Chausiku, ingawa alimwona.

Matimbwa alinyooka wima.

"Koplo Matimbwa. Kikosi cha Tisa."

Ndani, mtu aliyekuwa anapakua pilau alibaki na upawa hewani. Ofisa wa usalama alianza kutazama kwa makini sana kidole gumba cha mguu wake. Watu wote wakamgeukia baba wa bibi harusi.

"Pita," alisema Mzee Lugome. "Pilau inapoa."